Siku Waithira Alipoitwa Magdaline

Filimbi ya kwanza ililia kabla ukungu haujainuka kutoka kwenye handaki, na Watiri alikuwa ameshaingia ndani na jembe lake. Hii ilikuwa wiki ya tatu ya kulipanua. Handaki lilikizunguka kijiji chote cha Githiru, karibu na barabara ya Chaka, ili wapiganaji wa msituni wasiingie, na kila mwanamke alikuwa na kipande chake kilichopimwa kwa kamba.

"Wewe, nyina wa Waithira," homgadi, mgambo wa serikali, aliita kutoka juu. "Acha jembe. Hedmani anakutaka."

Wamucii, aliyekuwa akichimba kando yake, aliinua macho. "Umefanya nini tena?"

"Sijafanya kitu."

"Basi hiyo ni mbaya zaidi. Mwenye kosa angalau anajua la kujibu."

Hedmani Kahiga, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa nje ya posti ya homgadi, akinywa chai ya maziwa. Ubavuni mwake alisimama binti yake Magdaline, msichana wa miaka tisa, ndani ya gauni jipya la shule, la buluu. Kijiji kizima kilijua leo ni siku gani. Kamati ya akina mama wa Ulaya, ile iliyoleta saruji, madawati na vitabu, ilikuwa inamtuma memsaab mmoja kutoka Nanyuki. Angewasikiliza wasichana wakisoma mmoja mmoja, kisha achague mmoja wa kupelekwa shule ya bweni. Kamati ingemgharimia mpaka amalize.

"Nasikia msichana wako anasoma," Kahiga alisema.

"Kidogo, mzee."

"Usijifiche. Mwalimu Wasike amenieleza. Ati anasimama kwa dirisha na kusoma ubao vizuri kuliko hawa walio ndani." Alipuliza chai. "Leo atakaa kwa kiti ya Magdaline. Atavaa gauni yake. Akiulizwa jina, anasema Magdaline wa Kahiga. Asome, avue, aende nyumbani."

"Na Magdaline?"

"Leo atajificha stoo ya shule. Januari atapanda gari."

"Na wangu je?"

"Wako nitampa kiti hapa kijijini. Nawe nakutoa handaki mwezi mzima."

Mara tatu Watiri alikuwa amepiga magoti mbele ya posti hii akiomba kiti hicho. Kila mara alijibiwa kwamba shule ni ya watoto wa watiifu kwa serikali, na mume wake Mutahi alikuwa kizuizini Manyani.

"Lakini jina, mzee. Waithira ni jina la nyanya yake."

"Jina ni kama koti, mama. Mvua ikinyesha unavaa, jua likitoka unavua." Kahiga alicheka, akamtazama binti yake naye acheke.

Watiri hakucheka. Miaka miwili nyuma, walipohamishwa kwa nguvu kutoka kwenye mashamba yao, ni Kahiga aliyetia kiberiti kwenye nyumba ya mama mkwe wake. Watiri alimtoa bibi kizee kwa kumbeba mgongoni. Walilala chini ya mvua bila paa, na siku ya tatu Waithira mkubwa akafa. Na huyu Kahiga alikuwa Mgikuyu kama wao. Alijua kwamba mtoto akipewa jina la nyanya, nyanya hajaenda popote. Mutahi alikuwa akimwita binti yake "mama", mbele ya watu, bila mzaha. Watiri alimchunguza Kahiga usoni kutafuta tusi. Hakuliona. Mtu huyu alikuwa amesahau tu, kama mtu anavyosahau mahali alipotema mate.

"Sawa, mzee," alisema.

Alimwogesha Waithira kwa maji ya debe, akampaka mafuta ya kondoo miguu mpaka ikang'aa. Gauni lilikuwa pana. Akalibana nyuma kwa pini.

"Soma polepole," alimwambia. "Usimeze maneno. Mahali pa nukta, pumua."

Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyofundishwa katika darasa la jioni, Majengo, Nyeri, alipokuwa yaya wa watu. Na hivyo ndivyo alivyomfundisha mtoto, kwa Biblia isiyo na jalada.

"Nikisema Magdaline, nitapata kiti?"

"Utapata."

"Na nikisema jina langu?"

"Hutapata. Nami nitachimba zaidi."

Mtoto aliwaza, akivuta uzi wa pindo. "Wewe unataka niseme nini?"

Watiri alipiga magoti ili macho yao yakutane. Alikuwa amejiandaa kudanganya, akashindwa. "Nataka Kahiga aaibike watu wakiangalia," alisema kwa upole, kama anayembembeleza mtoto alale. "Sema jina la nyanya yako. Lote."

Shule ilikuwa ya mawe, nayo mawe yalibebwa na wanawake wa Githiru kutoka mtoni. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Kila mama aliyajua. Yalikuwa mabati ya shule yao wenyewe, ile waliyojichangia kwa kuku na mahindi, ile alimofundisha Mutahi mpaka serikali ikaifunga na kuibomoa. Sasa ukutani palikuwa na bamba la shaba linalosema jengo lote ni zawadi ya kamati. Wanawake walipangwa madirishani ili wapige makofi.

Memsaab alikuwa mzee mwenye uso mwekundu na sauti ya huruma. Bwana DO, afisa wa serikali wa wilaya, alishika orodha. Wasichana wanne walisoma wakikwama. Wa tano alisimama, akasoma ukurasa mzima, akipumua penye nukta, na memsaab akavua miwani kuifuta.

"Mzuri sana. Jina yako nani?"

"Waithira wa Mutahi."

DO alitazama orodha. "Hapa iko Magdaline."

"Magdaline yuko stoo," mtoto alisema. "Hili gauni ni lake."

Wamucii ndiye aliyecheka kwanza. Kicheko kikapita dirisha hadi dirisha, na homgadi hakujua ampige nani. DO akaamuru stoo ifunguliwe. Magdaline alitoka akiwa amevaa shimizi tu, akapewa kitabu, akakitazama mpaka machozi yakadondoka juu yake. Watiri alijitafuta moyoni kama kulikuwa na huruma. Haikuwapo. Aliona kamasi za mtoto yule, akaona na mvua ya siku zile tatu.

"Na Mutahi nani?" memsaab aliuliza.

"Baba yangu. Yuko Manyani. Alikuwa mwalimu hapa."

Wazungu wakaongea kwa Kiingereza. Memsaab alisema mengi. DO alitikisa kichwa tu. Mwishowe mwalimu Wasike aliwageukia wanawake, macho kwenye viatu vyake.

"Memsaab anasikitika sana. Hii pesa ni ya watoto wenye shida. Lakini fomu inataka sahihi ya hedmani, kwamba mzazi ni mtiifu."

"Muulize, kwani mwenye shida ni nani?" Wamucii alisema.

Wasike hakuitafsiri hiyo. Nafasi ikaenda kijiji kinachofuata. Kabla ya kupanda gari, DO alimwambia Kahiga maneno machache kwa sauti ya chini, na Kahiga akavua kofia. Gari lilipotelea barabarani naye bado ameishika mkononi.

Alasiri alikuja ukingoni mwa handaki. Watiri alikuwa peke yake, kwenye kona yenye mwamba aliyopewa kwa adhabu.

"Umemnyima mtoto wako shule," Kahiga alisema.

"Na wako, mzee."

"Miezi miwili. Kona hii. Peke yako."

"Nimesikia."

Watiri alitarajia aondoke. Hakuondoka. Alichuchumaa, akatazama nyuma kama kuna homgadi karibu, kisha akasema kwa sauti ambayo Watiri hakuwahi kuisikia kinywani mwake:

"Ni wewe ulimfundisha? Mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Sasa... huyu wangu, si anaweza kuja kwako saa za jioni? Hata nusu saa tu. Mwaka ujao watakuja tena."

Watiri alitema mate viganjani, akashika mpini.

"Niko na kazi, mzee," alisema. "Miezi miwili."

Akainua jembe juu ya mwamba.