Jiwe la Sikuzani Halikutua

Mwaka 1974, tulipokuwa tukihamishwa kama mifugo na kuambiwa ni maendeleo, nilimkuta Sikuzani binti Mabruki stesheni ya Tabora akibishana na karani wa mizigo. Alikuwa anahamia kwa binti yake huko Bukene, na alikuwa na jiwe lake la kusagia ndani ya gunia. Wapagazi wawili walikuwa wamelipandisha kwenye kibaraza cha mizani, wakabaki wanahema.

"Hili linakwenda behewa la mizigo," karani akasema. "Litakufuata Alhamisi."

"Shikamoo kwanza, mwanangu."

Watu wakacheka. Karani, Sylvester jina lake, akaitoa kwa shida. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lori lililotuhamisha nalo lilisema vyombo vitanifuata. Lilibeba mlango wangu, kinu changu na mizinga sita ya nyuki. Mpaka leo nafuatwa tu."

"Lakini vijijini siku hizi kuna mashine ya kusaga, mama."

"Ipo. Ilipigwa picha siku ya ufunguzi. Dizeli ndiyo haijahamia."

Hotuba zilisema mkulima ndiye mwenye nchi. Pale kwenye mizani mwenye nchi alikuwa karani.

"Sheria ni hii," akasema. "Abiria anaingia na mzigo anaoubeba mwenyewe. Beba basi. Asikuguse mtu. Jiwe likitua chini kabla ya behewa, ni langu."

Sikuzani alichukua michi yake miwili iliyonusurika, akaifunga kwa kamba ubavuni mwa gunia, ncha zikining'inia kuelekea chini. Nikajua anachofanya. Hivyo ndivyo walivyofunga mizigo wapagazi wa misafara, na baba yake alikuwa mmoja wao; Wajerumani walimbebesha vyakula vya jeshi lao mpaka bega likaota sugu, na hakuna aliyemwandika popote.

Akalivuta jiwe polepole mpaka ukingoni. Michi ikagusa sakafu, ikapokea uzito. Akainama kidogo, akaingiza bega, akaondoka nalo.

"Mzee Mabruki huyo anapita," mtu akasema.

Behewa la daraja la tatu lilikuwa mbali, mwisho kabisa. Njiani akasimamisha michi, jiwe likabaki juu usawa wa bega, yeye akatoka chini yake, akalishikilia kwa mkono mmoja na kujifuta jasho kwa mwingine. Sylvester akaja mbio.

"Umetua. Nimeona kwa macho yangu."

"Jiwe limegusa wapi? Nionyeshe."

Karani akainama kutazama. Watu wakainama naye, wakimwonyesha hewa iliyokuwa kati ya jiwe na sakafu. "Pitisha mkono, bwana karani, pitisha tu," mmoja akamwambia.

Sikuzani akapumzika mara mbili tena vilevile, bila haraka, filimbi ikilia. Mlangoni akaliegemeza jiwe kwenye kizingiti, akalisukuma kwa kifua mpaka likaingia. Akapanda, akalikalia.

Sylvester akapanda nyuma yake. "Linaziba njia. Linatoka."

Sikuzani akanyanyuka, akampisha. "Litoe, mwanangu. Peke yako. Asikuguse mtu."

Karani akalikamata gunia kwa mikono miwili, akavuta. Akavuta tena. Behewa zima lilikuwa likimtazama, mpaka magurudumu yakaanza kuzunguka, na Sylvester akaruka chini kofia mkononi.