Uzito wa Ternen

Mimi sipendi kubembelezana na mashine. Ikinifaa nainunua, isiponifaa naiacha dukani. Kwa hiyo daktari alipomwambia mume wangu Asger kwamba bega lake lililopasuliwa halitashika tena usukani, sikulia. Kwa miaka ishirini na sita yeye alikuwa mtu wa usukani, mimi mtu wa matanga. Siku hiyohiyo nikamwambia tutanunua fimbo ya umeme, ile inayofungwa kwenye mkono wa usukani ikawa inausukuma na kuuvuta yenyewe, ikifuata dira iliyomo ndani yake.

"Na ikishindwa?" akauliza.

"Ikishindwa tunauza mashua. Haishindwi."

Mnunuzi hata alikuwepo, daktari wa meno wa mji wa Aarhus, na alikuwa ametupa hadi mwisho wa Aprili tuamue.

Dukani kwa Pernille, muuza vifaa vya mashua, zilikuwepo fimbo mbili, ndogo na kubwa. Ndogo ilikula umeme kidogo, nasi tulikuwa na betri moja tu, lakini mashua nzito haiiwezi.

"Mashua ina uzito gani?" Pernille akauliza. "Msinipe uzito wa kwenye karatasi za kiwandani. Nataka na vyombo, na maji, na nyinyi wenyewe ndani. Ukinidanganya mimi, wimbi la nyuma litakuumbua."

"Tani mbili na robo," Asger akasema, haraka mno.

"Hizo ndizo za karatasi, baba," Pernille akasema. "Na nanga tatu nilizokuuzia? Na lile jiko la chuma?"

"Ndogo inatosha, Vibeke," Asger akanigeukia.

Nikajua anaficha kitu. Mtu mwenye nanga tatu hapendi mizani. Nikamwomba Pernille atuwekee zote mbili hadi Jumamosi, siku klabu yetu inaposhusha mashua majini, maana kreni ya klabu inapima uzito.

Jumamosi watu wote walikuwepo, soseji mkononi, kwani hakuna anayekubali kukosa kuona mashua ya mwenzake ikining'inia hewani. Torkild, mwendesha kreni, akaiinua Ternen, mashua yetu, akasoma namba, akaisoma tena.

"Asger! Umeficha ng'ombe humu? Tani tatu na robo!"

Wakacheka hadi wengine wakamwaga haradali.

"Shemeji Vibeke," Torkild akapaza sauti, "mumeo anasafirisha saruji kwa magendo!"

"Mwulize mwenyewe. Mimi hupanda na begi moja tu."

Asger alitafuna soseji yake akitazama maji.

Mashua ilipokwisha kufungwa gatini, nikaingia ndani kutafuta ushahidi. Nanga tatu na jiko, vyote pamoja havifiki kilo mia. Nikainua godoro la kitanda cha mbele, kisha ubao wake. Chini yalijaa mawe. Mawe ya ufukweni, kila moja limefungwa kwa gazeti, na juu yake mwandiko wa Asger: Tunø, 2004. Anholt, 2011, mvua siku nzima. Chini ya kitanda cha pili ni hivyohivyo, mpaka chini ya ngazi.

Yalikuwa mawe yangu. Kila kisiwa tulichofika niliokota mawili matatu, nikampa yeye ayapandishe, na kila mwisho wa msimu nilimwambia achague mazuri, mengine atupe. Hakutupa hata moja.

Niliona aibu, tena aibu kubwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikikaa na kikombe changu cha kahawa, nikimkemea anyooshe mwendo, naye akivutana na mawe yangu kwa bega lile.

Asger akashuka, akanikuta nimepiga magoti.

"Ulijua kwamba yanaielemea mashua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Mbona hukusema, mtu mzima wewe?"

"Ungeacha kuokota."

Nikalia kidogo, nikapenga kamasi. Asger akasema basi tuyatoe, tuchukue ile ndogo. Nikamwambia asinitie wazimu. Jumatatu tukanunua kubwa pamoja na betri ya pili, na daktari wa meno nikampigia mwenyewe, nikamwambia atafute mashua nyingine.

Tulitoka tarehe kumi Mei, upepo ukitusukuma kwa nyuma. Wimbi likainua tezi, nyuma ya mashua, fimbo ikanguruma, Ternen ikayumba kidogo kisha ikarudi kwenye mstari wake. Likaja jingine, ikarudi tena. Asger aliketi kando yangu, hajui mikono aiweke wapi. Nikampa kikombe changu cha kahawa.

Tulipofika kisiwa cha Endelave alitangulia kushuka, mimi nikibaki kukunja tanga. Alirudi gatini mkono wake mzima ukiwa nyuma ya mgongo.

"Shika," akasema. "Hili limenishinda kuliacha."

Lilikuwa jiwe kubwa kuliko yote niliyowahi kumbebesha. Nikalifunga kwa gazeti, na safari hii nikaandika mimi: Endelave, la Asger.