Nyota ya Odessa

Usingizi unamchukua Odessa Tolliver alasiri, kitini, kando ya meza ya kupigia pasi, huko Alabama, wakati majirani zake wanakusanyika kanisani ili waandamane kuvipinga vita vya Vietnam. Yeye hajaamua. Mwanawe, Lemuel, yuko huko huko vitani, na dirishani Odessa amening'iniza kitambaa chenye nyota ya buluu, kama ilivyo desturi ya nyumba iliyotoa askari. Askari akifa, mama hushona nyota ya dhahabu juu ya ile ya buluu. Amos, shemasi, ndugu wa marehemu mumewe, amekwisha kumwonya: Ukiandamana, shemeji, unamtemea mwanao mgongoni. Basi ndotoni Odessa anapenya kioo cha dirisha kama apitaye mlangoni, na njia inaanza, na njia haiishi. Kulia ni mtaa wa weusi, kushoto ni mtaa wa weupe, nayo inatazamana kama mtu na kivuli chake majini, mlango kwa mlango, nyota kwa nyota. Dirishani mwanamke mzungu ameshika sindano yenye uzi wa dhahabu. Wako yuko wapi, mama? anauliza yule. Vietnam, anajibu Odessa. Na wangu pia. Hapa hawakuruhusiwa kunywa maji ya bomba moja, anasema Odessa. Huko wanachangia chupa moja, anajibu yule.

Mtu asiye na uso anamzuia njiani. Kitendawili, anasema. Tega. Nyota yangu haingoji usiku. Ikigeuka rangi, nyumba nzima huzimika. Odessa analijua jibu, bali halitamki, kwa kuwa anaogopa kwamba akilitamka litamfika Lemuel. Umeshindwa, nipe mji. Chukua Washington. Yule anacheka bila kinywa. Nimekwenda Washington, nimekula na kunywa na walioamua vita, nimechungulia madirisha yao yote. Nyota sikuiona hata moja. Nirudishie mji niliokupa, anasema Odessa. Huko Washington nitakwenda mwenyewe, anaongeza, nikawaulize hao walioamua.

Mlango unagongwa. Anazinduka, moyo ukimdunda, pasi ikinuka. Dada Odessa, unakoroma na watu wanaimba? Ni Velma wa kwaya. Odessa anakibandua kitambaa, anakibana kifuani kwa pini, anatoka. Velma, hii ni rangi gani? Buluu, dada, ulitaka iwe gani? Jua linawapiga waandamanaji usoni hata nyuso hazionekani. Ng'ambo ya barabara mwanamke mzungu, yule yule wa ndotoni, anafungua mlango wake, anawafuata, na kwenye sindano aliyoishika uzi wa dhahabu ungali unaning'inia.