Fundi Kesho

Mjini kwao walimwita Fundi Kesho, na jina hilo hakulipata kwa kuonewa. Mteja akija kuulizia nguo, mama yule, pini zimemjaa mdomoni, angekitupia jicho kitambaa ambacho hata mkasi haujakigusa, kisha aseme kwa upole wa kuua mtu, "Njoo kesho." Mafundi cherehani wengi ndivyo walivyo, tusidanganyane, lakini yeye alikuwa amebobea.

Sasa ilikuwa siku ya mwisho ya likizo yake ng'ambo. Alikaa kwenye kochi la binti yake, ghorofa za juu kabisa, sanduku miguuni, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, akingoja kupelekwa uwanja wa ndege. Ndege ilikuwa ya jioni. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai tu, maana akili yote ilikuwa safarini.

Likizo yenyewe ilikuwa jina tu. Binti yake, muuguzi, alimwita baada ya kujifungua. "Njoo upumzike, mama," alimwambia, na huko kupumzika mama alikusikia kwenye simu basi. Mkwe alikuwa baharia, mtu wa kupiga simu meli ikitia nanga. Binti akienda zamu, bibi alibaki na mjukuu katika vyumba viwili vyenye madirisha yanayofunguka upana wa kiganja, nguo za mtoto zimeanikwa mpaka juu ya kitanda. Kutoka kulitaka kadi. Bila kadi lifti haishuki, na mlango wa chini haukutambui. Kadi ilikuwa moja, nayo ilining'inia shingoni mwa binti. Siku za mwanzo bibi alitania kwamba hata kuku wake hufunguliwa asubuhi. Siku hizi utani huo ulikuwa umemwisha.

Mjukuu alimpenda kupita maelezo. Ila nyumbani kulikuwa na gauni. Mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa anaolewa Jumamosi, na gauni lake la harusi lilibaki juu ya meza ya kukatia, limekatwa lakini halijaunganishwa, limefunikwa shuka. Kwa gauni hilo Fundi Kesho alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitaja siku, na akakusudia kuitimiza. Alimwambia bi harusi kwamba akishuka kwenye ndege tu, anapanda kwenye cherehani. Msichana alimkumbatia akalia, na fundi mwenyewe akajiona mtu mpya.

Asubuhi alipoulizia pasipoti yake, binti alisema ipo mahali salama. Alipoulizia watatoka saa ngapi, aliambiwa anywe chai kwanza. Mchana akauliza mara ya tatu. Binti alikuwa anaanua nguo za mtoto, kibanio mdomoni, na wala hakugeuka.

"Haraka ya nini, mama? Utaondoka kesho."

Mama akaweka kikombe chini. Sauti ile aliijua vizuri. Ilikuwa yake mwenyewe, na upole wake ule ule. Binti huyu alikulia chini ya meza ya kukatia, akicheza na vipande vya vitambaa, akilisikia neno lile likitoka na kuiona miguu ya wateja ikiondoka. Leo zamu ya kupewa kesho ilikuwa imemfikia mwenye duka.

Akamkumbuka mwalimu mmoja mstaafu, mteja pekee aliyewahi kumtia jasho. Alikaa kwenye benchi la duka akaapa kwamba hatoki mpaka suruali yake iishe. Basi mama naye akaliburuta sanduku mpaka mlangoni, akalikalia, mgongo kwenye mlango.

"Sitoki hapa mpaka unipeleke," alisema.

Hata yeye alisikia jinsi ilivyochekesha, mtu anayetaka kutoka kuapa kwamba hatoki. Hakuna aliyecheka. Binti alitazama saa, akautazama mlango, kisha machozi yakamlengalenga. Akaeleza kwamba zamu yake ilikuwa ya jioni ile ile, kwamba hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwamba alikuwa amechoka mpaka usingizi wenyewe humkimbia.

"Ukiondoka, mama, mimi nabaki na nani?"

Mama alitaka kumwambia kwamba na kule kuna mtoto, tena yule hana mama mwingine. Lakini alimwonea huruma binti yake, na aliichukia huruma hiyo.

"Basi mshike kidogo," binti akasema, "nikutafutie pasipoti."

Hapo ndipo alipotakiwa kukataa, na alijua. Hata yule mwalimu alishindwa hivyo hivyo. Alipewa nyuzi zilizovurugika azishike kidogo, akajikuta anazitenganisha mpaka jioni, akarudi kwake bila suruali. Lakini mjukuu alishalaza kichwa begani kwake, ananukia maziwa, amekamata kifungo cha koti. Kwenye chumba cha pili droo zilifunguliwa na kufungwa, zikafunguliwa na kufungwa, taratibu, bila pupa ya mtu anayetafuta kitu. Bibi alizisikiliza mpaka taa za majengo ya jirani zikawaka. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Binti akatoka amevaa sare za kazi, kadi shingoni, mikono mitupu.

"Nitaitafuta vizuri kesho," alisema, akambusu mama yake shavuni.

Na mama akainuka mwenyewe, akalisogeza sanduku kwa mguu polepole asimwamshe mtoto, akampisha. Mlango ukajifunga.

Hakupita muda simu ikaita. Alikuwa bi harusi, sauti imejaa furaha.

"Mama mkubwa, umeshafika uwanja wa ndege? Nije lini kujaribu gauni?"

Alifungua mdomo aseme ukweli. Lakini ukweli ulikuwa mrefu, ulimwaibisha binti yake wa kumzaa, na mtoto alikuwa amelala.

"Njoo kesho," alisema kwa upole ule ule.

Upande wa pili simu ikakatwa. Msichana yule naye alikulia chini ya meza ile ile.