Filamu Iliyopoteza Sauti

Bibi Thongsa alifungua na kufumba mdomo kwenye skrini kubwa, lakini hakuna neno lililosikika. Nyati wake wa kulimia akatikisa kichwa, kengele ya shingoni ikayumba kimya. Ukumbi mzima wa chuo ulidhani ndivyo filamu ilivyokusudiwa, mpaka Krit, mwongozaji wake, alipochomoka kitini na kukimbilia chumba cha mitambo.

Bussaba alibaki ameketi. Yeye ndiye aliyerekodi sauti za filamu ile. Msimu mzima wa kupandikiza mpunga alisimama matopeni, ameinua fimbo ndefu ya maikrofoni juu ya vichwa vya watu, asionekane wala asisikike. Ndivyo alivyozoea kuishi. Darasani hakujibu mpaka atajwe jina, na wenzake walimtania kwamba Mungu alimpa masikio matatu na mdomo nusu.

Krit alirudi jasho likimtiririka. Asubuhi alikuwa amerekebisha rangi za picha na kuhifadhi filamu upya, sauti ikabaki nje. Nakala nzima ilikuwa bwenini, ng'ambo ya mji. Mama wa kamati ya tamasha aliwaeleza kwa upole kwamba ratiba haina nafasi nyingine: filamu iendelee bubu, au waiondoe mashindanoni.

"Naiondoa," Krit alimnong'oneza Bussaba. "Bora tukose kuliko kuchekwa."

Bussaba akageuka kutazama nyuma. Bibi Thongsa, mjane aliyeigiza maisha yake mwenyewe, alikuwa amekaa na akina mama majirani zake wa kijijini, wote ndani ya sketi zao za hariri za sikukuu. Walikuwa wamekuja kwa lori tangu alfajiri. Bibi aliinama mbele, kiganja nyuma ya sikio, kama mtu anayedhani uzee umemvamia ghafla.

"Usiiondoe," Bussaba alisema. "Waambie waanze upya. Mimi nipe kipaza sauti."

"Wewe?"

"Nani mwingine anayajua maneno yote?"

Akasimama kando ya skrini. Picha ya kwanza ilipotokea akawika kama jogoo, na watu wakacheka. Kisha akaongea kama Bibi Thongsa, kwa lugha yake ile ile, Kilao cha mashambani, kikavu na chenye mzaha: "We Boonmee, unalala kama mwenye shamba, kumbe shamba ni langu." Kicheko kikapasuka tena, safari hii cha watu waliomsahau msichana wakamwona bibi. Akawa Boonmee, mwana anayetaka nyati auzwe ili aende mjini. Akawa mvua kwenye bati. Akawa nyati, na hapo hata majaji walijifuta machozi ya kicheko.

Halafu ikafika sehemu ya Bibi kumfungua nyati na kumkabidhi mwanawe kamba. Bussaba aliinua kipaza sauti, kisha akakishusha, akageuka kumtazama Bibi mwenyewe. Kwenye skrini midomo ya bibi ilikuwa tayari inacheza.

"Umfunge kivulini," sauti ikatoka safu za nyuma. "Hapendi jua la mchana."

Bibi Thongsa alikuwa amesimama. Bussaba akashuka mbio kumpelekea kipaza sauti, na bibi akaendelea kuwaaga mwana wake na nyati wake, macho hayabanduki kwenye picha. Jirani aliyeuza mboga kwenye filamu alipotokea, akajisemea mwenyewe. Mwingine akafuata. Mpaka mwisho kipaza sauti kilikuwa kikipita mkono kwa mkono, na Krit, aliyekaa sakafuni, alikuwa akilia bila kujificha.

Ukumbi ulisimama. Makofi yalidumu hata taa zilipowashwa, na jioni majaji walipotangaza tuzo ya sauti bora, hakuna aliyeuliza kwa nini imekwenda kwa filamu isiyokuwa na sauti. Bussaba alipanda jukwaani akainamisha kichwa, viganja pamoja kifuani. Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa.

Nje, kando ya lori, wale akina mama walitoa nyuzi nyeupe za pamba walizokuja nazo. Mmoja mmoja walimfunga kwenye kifundo cha mkono, kila mmoja akimnong'onezea baraka zake. Krit naye akakunja mkono wa shati na kukinga kifundo chake, akaambiwa asubiri zamu. Dereva alikwisha kuwasha injini. Bussaba aliinamisha sikio karibu na mdomo wa Bibi Thongsa, na bibi, bila haraka, akaanza kukaza fundo.