Jezi za Kubana

Nianze kwa kusema kwamba vipimo vyangu havikosei. Nimeshona miaka ishirini na mbili, na daftari langu la vipimo halina mstari uliofutwa. Wanaobisha ni wifi yangu na wote waliohudhuria harusi yake.

Gauni lile nilimshonea mimi. Alipoinama kukata keki, mshono wa nyuma ukaachia kuanzia mgongoni hadi kusikotajwa, mbele ya mama mkwe wangu, yaani mama yake. Wifi akasema fundi kakosea. Mimi nikafungua daftari palepale ukumbini, nikasema gauni halijapungua, kilichoongezeka ni kingine. Tangu siku hiyo hatukusemezana.

Lingekuwa jambo dogo kama tusingecheza raga timu moja. Tena safu moja ya mbele: yeye namba moja, mimi namba mbili. Kwenye skramu, pale wanane wetu wanapoinama kusukumana na wanane wao, kazi ya wifi ni kunikumbatia. Misimu mitatu amenikumbatia kuliko mume wangu, ambaye ni kaka yake, na salamu hanipi. Akiwa na neno anamwambia kocha, "Mwambie huyo ashushe bega." Kocha, ambaye siku za kazi ni fundi bomba, ananigeukia: "Shusha bega." Wakati huo shavu la wifi liko kwenye sikio langu.

Na hiyo ndiyo ligi daraja la pili. Nimeicheza miaka kumi na moja. Tunabadilishia nguo nyuma ya gari la kocha, katikati ya mabomba, na mashabiki wetu ni waume zetu na mbwa mmoja asiye na mwenyewe. Mwaka huu mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya timu ya walimu: tukishinda tunapanda daraja la kwanza, vinginevyo tunabaki. Nina miaka arobaini na mbili na goti linalolia kwenye ngazi. Niliutaka ushindi ule kuliko kitu chochote, wala sioni haya kusema.

Ndipo nikapata wazo. Raga ni kukamatana, na watu hukamata jezi. Zetu zilikuwa pana kama mapazia. Nikazikusanya zote, nikazibana mbavuni na mikononi, nikapitisha mshono mara tatu kwa uzi wa kushonea viatu, mpaka mtu asiweze hata kufinya.

Kwa robo saa nilikuwa malkia. Walimu walirusha mikono wakashika hewa. Winga wetu, karani anayekimbia kama kaacha jiko linawaka, akafunga trai mbili, yaani akaulaza mpira ng'ambo ya mstari wao mara mbili, pointi tano kila mara. Kumi bila.

"Fundi, wewe ni hatari!" kocha akapiga kelele.

Kisha ikaja skramu ya kwanza. Nilichosahau ni kwamba na sisi tunashikana. Wifi akapitisha mkono mgongoni kwangu kutafuta pa kukamata, hakuna. Vidole vikateleza, safu ikafunguka, tukaanguka kifudifudi. Filimbi. Penalti, pointi tatu. Skramu ya pili, yaleyale.

Mapumziko nilijaribu kufumua uzi kwa meno, ukanishinda, na mkasi uko dukani. Mwenye mikono ya kuchana kitu kile alikuwa mmoja tu. Wifi ana bucha. Alikaa pembeni akila chungwa.

"Kocha, mwambie anichanie jezi."

"Kocha, mwambie aniombe mwenyewe."

Sikuomba. Mpaka dakika ya mwisho walimu walikuwa na penalti nne, kumi na mbili kwa kumi zetu, trai hawana hata moja. Tukapata skramu, mita tano kutoka mstari wao, mpira wetu. Refa akatuambia tushikane. Nikaiona miaka yangu kumi na moja ikiishia pale kwenye nyasi.

"Wifi," nikasema. "Chana."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unakijua."

"Namba mbili, tunasubiri nini?" refa akauliza.

"Gauni lilikuwa dogo," nikanong'ona.

"Sisikii."

"Gauni lilikuwa dogo! Nilikosea vipimo mimi!"

Uwanja mzima ulisikia. Mume wangu alivua kofia. Wifi akaingiza vidole kwenye mshono wa ubavuni, akavuta, na mishono mitatu ikaachia kwa mpigo. Akakunja kitambaa kwenye ngumi, akanivuta kwake. Sijawahi kushikwa vile. Tukasukuma, walimu wakarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka namba nane wetu akaulalia mpira ng'ambo ya mstari. Kumi na tano kwa kumi na mbili.

Nilikaa chini nikalia kama mtoto, ubavu nje. Wifi akaja kukaa kando yangu, na mwanawe akaja kumkalia mapajani.

"Wifi, siku ya harusi nilikuwa na mimba ya miezi mitatu," akasema.

Nikamtazama mtoto. Familia nzima tulimwita njiti, kwa kuwa alizaliwa miezi sita baada ya harusi. Njiti wa kilo tatu na nusu! Kofia yake ya kwanza niliishona mimi, na niliitanua mara mbili. Mimi ninayeona nusu inchi kwa jicho, miezi sikuwahi kuihesabu.

"Kwa hiyo vipimo vyangu..."

"Vilikuwa sawasawa."

"Na umeniacha niseme mbele ya watu wote hawa!"

"Ningesema nini mimi, mbele ya mama?" Akamfuta mtoto pua. "Nilitaka kukwambia wewe. Siku ileile. Ila hukuniuliza kitu, ulifungua daftari."



Jezi za daraja la kwanza nimeshaanza kuzishona. Yangu nimeiachia inchi nne mgongoni, mahali pa mkono wake.