Si Doa la Tambuu

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia. Naila alikuwa ameinamia sinki akiosha koleo, akaisikia kabla hajageuka, na akajua ni nani aliyeletwa. Siku tano zilizopita harufu ile ilikuwa changa, ya kudhaniwa tu ni jino bovu. Leo ilikuwa imekomaa. Ilijaa chumba kizima, ikaishinda hata dawa ya kusafishia sakafu.

Bi Mize aliingia akishikwa mkono na shemeji yake, Mzee Shuaibu, mdogo wa marehemu mumewe. Walikuwa wametoka Mlingotini kwa bajaji. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, amejifunga kanga mbili zilizopauka, hana hina, hana wanja, hana hata pete. Kope la jicho lake la kushoto lilikuwa limelegea kama pazia lililokatika kamba upande mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilimtokea puani. "Nimerudi. Yale maji ya chumvi hayajanisaidia kitu."

Masikio ya Naila yalipata moto. Maji ya chumvi yale alimwelekeza yeye mwenyewe, kijiko kimoja cha chai kwa glasi, asubuhi na jioni.

Siku tano zilizopita Bi Mize alikaa kwenye kiti hikihiki. Wiki mbili kabla yake alikuwa ameng'olewa gego la juu, upande wa kushoto, na shimo lilikuwa limekataa kufunga. Daktari Abdulwahab, mwenye kliniki, alimwambia apanue kinywa, akamulika taa kwa muda usiotosha hata kupiga chafya, akacheka. "Wanawake wetu na tambuu zao. Ona kaakaa lilivyoungua kwa chokaa na popoo." Akaandika kwenye kadi na kwenda kupokea simu. Naila alikuwa amesimama pembeni na sinia la vifaa. Aliliona doa. Lilikuwa jeusi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na ukingo wake ulikuwa kama wa karatasi iliyoshika moto ikazimwa. Kitu ndani yake kilisema hapana. Lakini yeye alikuwa tabibu wa meno wa stashahada, mwaka wa kwanza kazini, na mbele ya watu ulimi humkauka. Daktari alikuwa na miaka thelathini ya kazi. Nusu ya Bagamoyo iling'olewa meno kwa mkono wake. Naila alinyamaza, akachukua karatasi akaandika kipimo cha chumvi.

Sasa alivaa glavu. "Mama, nipanulie kinywa. Taratibu, usijilazimishe."

Doa halikuwa doa tena. Nusu nzima ya kaakaa ilikuwa nyeusi, kavu, imejikunja pembeni, na pale palipong'olewa jino mfupa ulikuwa wazi, rangi ya kijivu. Naila alilowanisha pamba akapangusa, mara moja, mara mbili. Pamba ilitoka safi. Rangi ya tambuu ingeacha hata wekundu kidogo. Akachukua chuma chembamba cha kupimia fizi, akagusa ule weusi, kisha akadunga.

"Umeumia?"

"Umeshaanza?" aliuliza Bi Mize.

Hakuna damu iliyotoka. Hata tone. Naila alikitazama kile chuma kikavu.

"Mama, tambuu unatafuna mara ngapi kwa siku?"

Bi Mize alimtazama kwa jicho lake zima kama mtu aliyeulizwa neno la aibu. "Tambuu? Mwanangu, mimi nina eda. Mume wangu ana miezi mitatu ardhini. Nitatafunaje tambuu nikajipaka midomo wekundu? Nimpambie nani?"

"Kwetu hilo haliwi," alidakia Mzee Shuaibu kutoka mlangoni. "Siku tuliyomzika kaka yangu, kijaluba chake cha tambuu alikifunga kitambaa mwenyewe, akamkabidhi bintiye akakiweka juu ya kabati."

"Juzi hamkumwambia Daktari?"

"Aliniuliza nilianza lini," alisema Bi Mize. "Nikamwambia tangu nikiwa mwari. Hakuniuliza kama ningali natafuna."

Swali moja tu lingetosha. Mtu yeyote wa pwani anayemwona mwanamke wa umri ule amevaa vile, bila hina wala wanja, angejua. Daktari amezaliwa Mji Mkongwe, amezika shangazi na mama wadogo, ameona wajane wangapi. Na Naila je? Bibi yake mwenyewe alikaa eda ndani ya nyumba yao. Hasira ilimpanda, na hakujua aanze kumrushia nani.

"Na dawa za sukari, mama? Kwenye kadi imeandikwa una sukari."

"Zilikwisha mwezi wa pili wa eda. Nikamtuma binti yangu zahanati, wakamwambia mgonjwa aje mwenyewe apimwe ndiyo apewe. Mimi siwezi kuzurura. Hata jino hili tulimuuliza shehe kwanza, akasema mchana kwa maumivu niende, jua lisinizamie nje."

Naila alimtoboa kidole. Kipimo kilifikiri kidogo, kisha hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari iko juu kuliko kinavyoweza kuhesabu.

"Shavu hili lina ganzi?"

"Tangu juzi. Na puani kwatoka uchafu mweusi. Nikasema labda moshi wa kuni."

Chuoni walionyeshwa picha moja ukutani. Mwalimu alisema kwamba mnaweza kustaafu bila kuuona ugonjwa huu. Ni ukungu, wa jamii ya ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika na kwenye majani yanayooza. Kila mtu anauvuta puani kila siku na haumfanyi kitu. Lakini ukimkuta mtu ambaye sukari imemzidi, unaingia kwenye mishipa ya damu na kuiziba, na nyama iliyokosa damu inakufa ikiwa bado mwilini. Kutoka kaakaa unapanda puani, kutoka puani unaenda jichoni, na nyuma ya jicho ni ubongo. Mwalimu alikuwa amegonga ukuta kwa fimbo. Hapa, alisema, mnahesabu saa.

Na wao walikuwa wameupa siku tano.

Naila alikwenda chumba cha pili. Daktari alikuwa na chai na vitumbua, simu sikioni.

"Daktari, njoo umwone Bi Mize."

"Yule wa tambuu? Mwongezee dawa ya kusukutua."

"Si tambuu. Ni ukungu mweusi. Umeshafika jichoni."

Aliweka simu chini, akatabasamu kwa upole unaoudhi kuliko tusi. "Naila, binti yangu. Juzi tu umevua sare za chuo. Ukungu huo mimi sijapata kuuona tangu nianze kazi."

"Uliuona siku tano zilizopita," alisema Naila. "Na mimi niliuona. Tulisimama wote wawili."

Hakuipandisha sauti. Haikujua njia ya kupanda. Lakini hakuondoka mlangoni. "Yule mama yumo edani. Hajagusa tambuu miezi mitatu. Mavazi yake tu yangetuambia, tukashindwa hata kuyatazama."

Daktari alinyanyuka. Aliingia, akamsalimia Mzee Shuaibu, akamulika, na safari hii taa ilikaa. Naila alimwekea chuma mkononi bila kuombwa. Daktari akadunga mara tatu. Kisha akanyoosha mgongo na kuivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Aende Dar es Salaam leo," alisema. "Hospitali kubwa, kwa madaktari bingwa. Atahitaji dawa ya mshipani na upasuaji. Nitaandika rufaa." Akaichukua kadi ya zamani mezani, akaitazama, akaikunja. "Na mfungulie kadi mpya. Hii imechafuka."

Kadi ilikuwa safi. Kilichokuwemo ni mwandiko wake: madoa ya tambuu, chumvi, arudi ikibidi.

"Nipe, Daktari."

"Nimesema fungua mpya."

"Watakaompasua wanatakiwa kujua weusi una siku ngapi." Naila alikuwa amenyoosha mkono, na mkono haukurudi. "Ukianzisha kadi leo, itaonekana ugonjwa umeanza leo. Utawadanganya watu walioshika kisu."

Bi Mize alikuwa akiwatazama wote wawili kutoka kitini. Daktari aliiachia kadi. Naila akaikunjua, akaiweka ndani ya bahasha ya rufaa, akailamba gundi mwenyewe.

Ilikuwa zamu ya Mzee Shuaibu. "Dar kulala? Hapana. Eda bado siku arobaini na moja. Mjane halali nje ya nyumba ya mumewe. Tutampeleka na kumrudisha."

"Mzee wangu, hawezi kurudi leo. Wala wiki hii."

"Basi tungoje nimuulize shehe."

"Muulize ukiwa garini," alisema Naila. "Bibi yangu alilazwa akiwa edani, na waliompeleka ni mashehe. Maradhi ya kuua yana ruhusa yake, na hilo unalijua kuliko mimi. Unalolingoja ni lipi? Watu wa Mlingotini waseme nini?"

Mzee alifungua kinywa ili amkaripie, mtoto mdogo kiasi kile. Bi Mize akamtangulia.

"Shemeji," alisema kwa sauti yake ya puani, akijifunga kanga vizuri. "Kaka yako amekufa. Nimemlilia, nimemkalia, sikujipamba. Sikumuahidi kumfuata. Eda nitaimalizia kitandani hukohuko. Nenda ukaite gari."

Mzee Shuaibu akatoka kuita gari.

Bi Mize hakufa. Walimtoa nusu ya kaakaa, mfupa wa shavu na jicho la kushoto. Siku habari ilipofika, Daktari aliwaambia wafanyakazi kwamba kliniki yao ndiyo iliyougundua ugonjwa, na wengi wa aina hiyo hawafiki hospitali wakiwa hai. Watu wakapiga makofi. Naila aliinuka na kusema, "Tuliuchelewesha siku tano." Kisha akakaa. Baada ya hapo hakuna aliyemkaribisha chai kwa wiki nzima, naye hakuitaka.

Miezi mitatu baadaye alikwenda Mlingotini. Alikuwa ameahirisha mara nne. Nje ya nyumba kamba za mwani zilikuwa zimeanikwa. Ndani, juu ya kabati, kijaluba cha tambuu kilikuwa kingali kimefungwa kitambaa. Bi Mize alikuwa ameketi mkekani. Pale palipokuwa na jicho palikuwa pamefunikwa kwa pamba, na kinywani mlikuwa na kaakaa la bandia lililomfanya aseme polepole, neno moja baada ya jingine.

Waliulizana hali. Binti yake alileta uji, akatoka. Kisha Bi Mize akasema, "Kule Dar daktari aliisoma ile kadi. Akaniuliza, hizi siku tano ulikuwa wapi? Nikamwambia nilikuwa nasukutua chumvi."

Naila aliliweka bakuli la uji chini.

"Siku ile ya kwanza. Ulikuwa umesimama hapa." Bi Mize alionyesha upande wa jicho lisilokuwepo. "Uliona?"

Angeweza kusema hakuwa na hakika. Angeweza kusema Daktari ni mkubwa, yeye ni mdogo, na kazi ni ngumu kupata. Yote yalikuwa kweli, na yote yalimnukia kama chumba cha siku ile.

"Niliona, mama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Bi Mize aligeuza uso ukutani. Mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka. Uji ukapoa. Naila alikuwa na maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga njia nzima kutoka Bagamoyo, na sasa aliyaona madogo na ya kipuuzi. Hakuyatoa. Aliketi palepale, hasira yake imempata mwenyewe hatimaye, akaacha imkalie.

Mwishowe Bi Mize aligeuka. Alitia vidole kinywani, akalichomoa lile kaakaa la bandia, akaliweka juu ya kanga mapajani. Bila hilo maneno yake hayakuwa na umbo, lakini Naila aliyaelewa kila moja.

"Kuna kidonda kipya. Huku nyuma. Washa simu yako umulike."

Akapanua kinywa.

"Tazama," alisema. "Leo tazama vizuri."